Walisema Maziwa Yangu Yananuka Beberu

Nilimwaga maziwa ya dada yangu Hamdi chini, mchana kweupe, pale steji ya Garsen, watu wakitazama.

Kibuyu kizima. Yote mchangani.

Kama wewe si mtu wa mifugo huenda usinielewe. Kwetu Waorma maziwa hayamwagwi. Mtoto akimwaga kikombe kimoja kwa bahati mbaya, nyumba nzima inamgeukia. Mimi, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, nilimwaga kwa makusudi.

Na nilikuwa na hakika kabisa kwamba nina haki.

Soma mpaka mwisho ndiyo uniseme.

Naitwa Abdia, ila Garsen wengi wananijua kama Mama Hiribae. Kazi yangu ni maziwa. Asubuhi nakama, nachuja, najaza vibuyu, halafu Tsuma wa bodaboda anavipeleka hotelini. Wenzangu siku hizi wamehamia mitungi ya plastiki. Mimi ni vibuyu tu, tena nilivyovifukiza kwa mkono wangu. Unaingiza kaa la moto la mti wetu, unafunika, unatikisa, moshi unashika ndani. Chai ya maziwa hayo ukiinywa mara moja, kesho utarudi.

Na pua yangu je? Wallahi sijisifu, waulize watu. Nifunulie kibuyu nitakwambia kimefukizwa kwa mti gani, maziwa ni ya leo au ya jana, ng'ombe amekula majani ya mtoni au ya bara. Wanawake walikuwa wananiletea maziwa yao niyanuse kabla hawajayapeleka sokoni.

Sasa mwenye pua hiyo aambiwe maziwa yake yananuka. Utakubali?

Mambo yalianza mvua zilipoanza. Mume wangu Wario aliwapeleka ng'ombe bara, mbali na maji na mbung'o, kama tunavyofanya kila mwaka. Mimi nikabaki nyumbani na mbuzi. Maziwa ya mbuzi ndiyo yalikuwa yananilipia shule ya watoto na kila kitu kilichoingia sufuriani.

Asubuhi moja Tsuma akarudi mapema. Vibuyu vyote vimejaa kama alivyoondoka navyo.

"Mohamed amekataa," akasema.

"Amekataa nini?"

"Maziwa. Anasema iko na harufu."

Mohamed ndiye mteja wangu mkubwa, mwenye hoteli pale steji. Nikafungua kibuyu, nikaingiza pua yote.

Moshi. Maziwa. Basi.

"Harufu gani? Hebu nusa wewe."

Tsuma hakusogea. Akageuza uso, akajifanya anaangalia tairi la pikipiki yake.

"Mimi ni mtu wa kubeba tu, Mama Hiribae."

"Mbona unageuza uso?"

"Jua hilo."

Jua lilikuwa mgongoni kwake!

Hapo ndipo mdudu wa shaka aliponiingia. Mtu asiye na hatia hageuzi uso. Nikaanza kujiuliza, kati ya nyumbani kwangu na hoteli ya Mohamed, vibuyu vyangu huwa mikononi mwa nani? Tsuma. Peke yake.

Kesho yake nilifunga kila kifuniko kwa uzi mweusi, fundo ninalolijua mimi mwenyewe. Tsuma alipoondoka nikachukua pikipiki nyingine, nikamfuata kwa nyuma nikiwa nimejitanda mtandio mpaka puani. Sikumwona akisimama popote. Vibuyu viliporudi, uzi ulikuwa vile vile na fundo ni lile lile.

Lakini vilirudi. Na safari hii Ubeid naye, mwenye hoteli ya pili, alikuwa amekataa.

Mimi nikaona, aha. Kama si njiani, basi ni hotelini. Kuna mtu anawatia maneno.

Siku ya tatu nikaenda mwenyewe kwa Mohamed. Huyo mtu tumejuana miaka tisa, na hakuweza kunitazama machoni.

"Mama Hiribae, samahani. Wateja wanalalamika. Chai inarudi."

"Inarudi kwa sababu gani? Niambie kwa mdomo wako."

Fahad, kijana wake wa kupeleka chai mezani, akadakia kutoka jikoni. "Mathe, hiyo maziwa inanuka beberu! Sisi hatuwezi!"

Hoteli nzima ikacheka.

Sasa ngoja nikwambie jambo. Maneno hayo, "ananuka beberu", nimeyasikia tangu utotoni. Watoto wakigombana wanatukanana hivyo, na wanawake wakimsengenya mtu ambaye haogi wanasema hivyo hivyo. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama, hivi beberu ananukaje? Mama akacheka. "Watu husema tu, mwanangu. Mbuzi ni mbuzi." Nikakua nikijua kwamba hilo ni tusi tu, la kumdhalilisha mtu.

Kwa hiyo Fahad aliposema vile mbele za watu, mimi nilisikia tusi.

Nikageuka niondoke. Na hapo mlangoni ni nani anayeingia, kibuyu begani, anatabasamu?

Hamdi.

Hamdi ni mtoto wa mama mdogo Darmi. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni dada, si binamu. Lakini mimi na Hamdi hatukuwa tukisalimiana zaidi ya salamu ya Mungu, na sababu ni mama zetu.

Miaka ishirini na tano iliyopita, siku ya harusi ya dada yangu mkubwa Dahabo, wakwe walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakisubiri maziwa. Mama alikuwa ametayarisha kibuyu chake kizuri kuliko vyote, chenye shanga shingoni. Darmi, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyekibeba kuwapelekea. Akafika katikati ya mkeka, akajikwaa. Kibuyu kikaanguka na maziwa yakamwagika miguuni mwa wakwe.

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mama alisema mpaka anakufa, "Mtu hajikwai kwenye mkeka mtupu. Darmi aliona wivu. Mwanangu ameolewa kwa watu, wake bado, akaamua kuniaibisha." Hawakusemezana tena. Mama alipozikwa, Darmi alikuja mazishini akakaa nyuma kabisa, hakuna aliyemkaribisha mbele. Mimi ndiye niliyewakataza watu kumkaribisha.

Sasa huyu hapa binti yake, na kibuyu begani, anaingia kuchukua mteja wangu.

Mohamed akakipokea kibuyu chake, akakinusa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hamdi akanitazama, akasema kwa upole, "Dada Abdia, nilikuwa nataka kuja kwako tuongee kidogo. Kuhusu hayo maziwa."

Upole ule ndio ulionichoma. Nikajua ni yeye. Mama yake alimwaga ya mama yangu, na yeye sasa anakuja kumalizia kwangu.

Nikakipokonya kibuyu mkononi mwa Mohamed, nikatoka nacho nje na kukigeuza.

Steji yote ikanyamaza. Hata wapiga debe wakanyamaza, na hao hawanyamazi hovyo.

Hamdi hakupiga kelele. Aliangalia mchanga unavyonywa maziwa, kisha akaniangalia mimi, machozi yakamtoka. "Hata wewe, Abdia?" akasema. Tu.

Nilirudi nyumbani nikijiambia nimeshinda. Sikuweza kula.

Wazee walinitumia ujumbe: kesho saa nne nifike hotelini kwa Mohamed, suala lisikizwe. Kumwaga maziwa ya mtu hadharani si jambo la kuachwa. Nilijua nikishindwa pale, hakuna hoteli Garsen nzima itakayochukua maziwa yangu tena, na watoto wangu watarudi nyumbani kabla ya muhula kwisha. Nikajiandaa. Nilikuwa na orodha yangu kichwani: Hamdi mchochezi, Tsuma mshirika, Fahad mtukanaji.

Nilianza na Tsuma. Nilisema mbele ya wazee kwamba nina mashaka naye, kwamba aligeuza uso.

Tsuma akasimama. Ni Mgiriama mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti, lakini siku ile alipaza.

"Mama Hiribae, mimi nimebeba maziwa yako miaka mitatu sijamwaga hata tone. Leo umeniita mwizi. Sasa nitasema. Harufu haitoki kwangu wala kwa Hamdi. Inatoka kwa Meja!"

Watu wakacheka. Mimi nikashangaa.

Meja ni beberu wangu. Nilimnunua baada ya Idd kutoka kwa mtu wa Bangale, beberu mweupe, mrefu, ndevu mpaka kifuani. Kwa mapenzi niliyokuwa nayo kwake, nilimfunga karibu na mlango, pale pale kwenye ua ambapo nimepanga miti ya kuanikia vibuyu. Alikuwa anapenda kujisugua kwenye ile miti. Mimi nilikuwa naona raha kumtazama.

"Nilikuambia siku ya kwanza," Tsuma akaendelea, "huyu ananuka, msogeze mbali na vibuyu. Ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimjibu, "Watu husema tu."

"Wazee," nikasema, "mnamsikia? Ananitupia tusi la barabarani. Mimi nanusa kuliko nyote hapa. Kama kungekuwa na harufu ningeisikia wa kwanza!"

Pembeni alikuwa amekaa Mwalimu Zakaria, anafundisha bayolojia sekondari, alikuja tu kunywa chai yake. Akaweka kikombe chini.

"Wazee, mniruhusu. Hili linapimika."

Akaomba vikombe vitatu na vipande vitatu vya kitambaa. Cha kwanza akakifukiza kwa moshi wa kibuyu cha Hamdi. Cha pili akakichovya kwenye maziwa. Cha tatu alimpa Tsuma, akamnong'oneza, Tsuma akaondoka na pikipiki. Alirudi na kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa mafundo mawili.

Nikafungwa macho kwa mtandio wangu mwenyewe.

Kikombe cha kwanza. "Moshi. Mti wetu. Kaa lilikuwa bichi kidogo."

Watu wakaguna kwa kustaajabu.

Cha pili. "Maziwa ya ng'ombe. Ya Hamdi. Ya leo asubuhi."

"Ni kweli," Hamdi akasema kwa sauti ndogo.

Cha tatu. Nikanusa. Nikanusa tena. Nikavuta mpaka kifua kikauma.

"Mwalimu unanichezea. Hiki ni kitambaa kitupu."



Nikasikia kiti kikiburutwa, na mtu akikohoa, halafu nyayo za Fahad zikikimbilia nje.

Nikafungua macho. Wazee walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani, kanzu puani. Mohamed amejiziba kwa taulo la jikoni. Hamdi ameinamisha uso kwenye mtandio. Na mimi nimekaa katikati, nimeshika kikombe chini ya pua, sisikii kitu.

Kitambaa kile kilikuwa kimesuguliwa kwenye ndevu za Meja.

Nyinyi, mimi nimewahi kuona aibu, lakini ile ilikuwa ya aina yake. Nilitamani Fahad acheke, angalau nipate wa kumkasirikia. Hakucheka mtu.

Mwalimu akavuta kiti karibu yangu.

"Mama Hiribae, pua yako ni nzima, tena kali kuliko zetu. Lakini pua si kitu kimoja. Ndani yake ni kama nyumba yenye mamia ya milango, na harufu nyingine ina mlango wake peke yake. Kuna watu wanazaliwa mlango mmoja umefungwa. Mengine yote wanayasikia, hilo moja hapana. Na hawajui, kwa sababu mtu hawezi kujua amekosa kitu ambacho hajawahi kukisikia."

"Mbona watoto wangu wanakunywa maziwa hayo hayo na hawasemi?"

"Hao wameizoea. Harufu ukilala nayo na kuamka nayo, pua inaacha kukuambia."

"Na huu mlango... unafungwa na nini?"

"Mara nyingi mtu anazaliwa nao hivyo. Anarithi. Kwa baba, au kwa mama."

Kwa mama.

"Watu husema tu, mwanangu. Mbuzi ni mbuzi."

Nikageuka kumtazama Hamdi. Naye alikuwa ananitazama, na nikaona kwamba yeye alikuwa anajua tangu zamani.

Nilimwomba msamaha pale pale, kwa magoti, mbele ya wazee. Tsuma pia. Hamdi nilimpa mbuzi wangu mwenye maziwa mengi kuliko wote, na hakuna mzee aliyelazimika kunitajia faini. Hamdi aliniinua.

"Mimi nimesamehe, dada. Lakini usiishie kwangu. Mama yuko hai."

Meja nilimuuza siku ile ile. Miti ya kuanikia vibuyu niliichoma moto.

Baada ya siku mbili Tsuma akanipeleka kwa mama mdogo Darmi, kijiji cha Waorma nyuma ya Wenje. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nilinunua maziwa ya ng'ombe kwa Hamdi mwenyewe, ili yasiwe na shaka. Nikayatia kwenye kile kibuyu cha mama chenye shanga, kile kile cha harusi, nilichorithi. Nilikifukiza mara mbili. Sikumruhusu mtu mwingine akiguse, kilikuwa kitu changu na mama.

Darmi amezeeka. Alikuwa amekaa kizingitini, akasikia sauti yangu, akainua kichwa.

"Una sauti ya dada yangu," akasema.

Nikalia kabla sijasema neno. Nikamweleza yote: Meja, vikombe vitatu, Mwalimu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akashusha pumzi.

"Bibi yenu, aliyetuzaa sisi, alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Dada yangu akarithi. Mimi nikasalimika. Baba yako alikuwa na beberu analala mlangoni. Nilimwambia dada mara moja tu, 'Dada, hii maziwa ina harufu.' Akaniambia nina wivu. Sikurudia."

"Na siku ya harusi, mama mdogo?"

Akaangalia mikono yake.

"Nilipokibeba kile kibuyu nilisikia harufu njiani. Kali. Nikaona wakwe wamekaa. Wakinywa watatema, na wakitema dada yangu hatainua uso tena, na Dahabo ataingia kwa watu na jina baya. Nikafikiri, bora waseme Darmi hana macho."

"Ulijikwaa makusudi."

"Nilijikwaa."

"Miaka ishirini na tano, mama mdogo! Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Kwamba maziwa ya harusi ya mtoto wake yalikuwa yananuka? Alikuwa anajivunia pua yake kuliko chochote. Nilimwachia."

Nilimshika miguu. Hakusema amenisamehe, alinipapasa tu kichwani kama mtoto. Kisha akakiona kibuyu.

"Hicho ni chake?"

"Ni chake. Nimekuletea."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akafungua. Nilikuwa namtazama pua, mwenzenu nimeshakuwa mtu wa mashaka. Alitulia kidogo, macho kwenye zile shanga. Kisha akakiinamisha, akanywa taratibu, akapumzika, akanywa tena mpaka karibu na mwisho. Akafuta midomo kwa ncha ya mtandio.

"Mazuri," akasema. "Kama ya dada yangu."

Moyo wangu ukawa mwepesi. Nilikuwa nimemwaga yote ya moyoni, nikajiona nimelipa.

Tulipokuwa njiani kurudi, Tsuma akasimamisha pikipiki kivulini. Jua lilikuwa kali.

"Mama Hiribae, hakuna kimebaki kwa kibuyu? Koo imekauka."

Nikampa. Akafungua, akakisogeza mdomoni, akakitoa haraka kama kimemuunguza. Akakohoa. Safari hii hakugeuza uso.

"Hiki kibuyu kilikuwa kimeanikwa wapi?"

Nikafikiri. Kabla sijakitoa, kilikuwa kimening'inia uani, kwenye ile miti, pamoja na vingine. Tangu Idd.

"Kwani vipi? Maziwa ni ya Hamdi. Nimefukiza mara mbili."

"Mama," akasema polepole, "hii ni ile ile. Tena hii ni mbaya kuliko zote." Akanitazama. "Yule mzee amekunywa hii?"

"Amekunywa."

"Yote?"

"Karibu yote, Tsuma. Na akasema mazuri."

Tsuma akafunika kibuyu, akanirudishia kwa mikono miwili kama Darmi alivyokipokea. Nilivuta mtandio usoni nikalia mpaka Garsen.

Sasa kila asubuhi Hamdi anapita kwangu kunusa vibuyu kabla havijaondoka, nami nanusa vyake, maana makaa yake mabichi yeye hayasikii. Mohamed na Ubeid wamerudi. Kile cha shanga nimekitundika chumbani, sikitii maziwa tena.

Ninachotaka uondoke nacho ni hiki. Mtu akikuambia kuna harufu na wewe huisikii, usikimbilie kumwita mwongo wala mwenye wivu. Muulize inatoka wapi. Mama yangu hakuuliza, akafa akiwa na hasira na mtu aliyempenda kuliko wote.

Darmi bado yuko nyuma ya Wenje. Ijumaa hii naenda tena, na safari hii Hamdi ananusa kwanza.